Mama Alipoacha Kunipikia

Mama yangu anapikia kila mtu. Anampikia fundi aliyekuja kugonga bati, anampikia mwinjilisti, anampikia kijana wa mita za maji. Kuna mwaka mgambo walikuja kumkamata jirani kwa pombe ya kienyeji, wakapita kwetu kuuliza njia. Mama akawakalisha, wakala wakashiba, ndipo wakaenda kukamata, na jirani alikuwa ameshatoroka zamani. Nyumba yetu iko mteremkoni juu ya mji wa Karatu, na mtu akipita pale mchana asile, basi amekimbia mwenyewe. Kwa hiyo nikisema mama aliacha kunipikia mimi, mwanawe wa kwanza, ujue halikuwa jambo dogo.

Lilianza na upasuaji. Nilikatwa tumbo. Simaanishi kupasuliwa kwa uzazi. Nilikatwa tumbo lenyewe, lile linalopokea chakula. Daktari alinionyesha kwa ndizi mbivu iliyokuwa mezani kwake, akaniambia, “Litabaki hivi.” Wengine huko Arusha ninakoishi walinong'ona kwamba nimetafuta urembo. Weee! Urembo gani wa kunywa supu ya kuchuja kijiko kwa kijiko kama kitoto cha paka? Nilikuwa na sukari, nilikuwa na presha, magoti yalikuwa yanalia nikipanda ngazi, na usiku mume wangu alikuwa akiniamsha kwa sababu nimeacha kupumua. Nilikatwa kwa sababu nilitaka kuishi, na nashukuru nilikatwa. Hilo sina mjadala nalo na mtu.

Mama nilimwambia kabla sijaenda. Alidhani, nafikiri, kwamba tumbo ni kama nywele, linakatwa halafu linaota.

Nilipopona nikaenda kumsalimia. Aliniona natoka kwenye gari, akaweka mkono mdomoni. Kwetu mtu akikonda ghafla watu hawakupi hongera, wanakupa pole. Lakini mama ni mama, akajikaza, akanivuta ndani, akapakua. Yalikuwa makande yake, mahindi ya kukoboa na maharage, na juu yake maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, yale yenye harufu ya moshi. Alipakua kama alivyonipakulia miaka yote, sahani yenye mlima. Nikala taratibu kama nilivyofundishwa, natafuna mpaka tonge linakuwa uji. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikagoma njiani. Nikaweka kijiko chini.

“Mbona huli?”

“Nimekula, mama. Chakula ni kizuri, tumbo ndilo dogo.”

Akaitazama sahani. Akaichukua, akaenda nayo jikoni kwake nje, na kwa muda mrefu hakurudi. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, sahani ipo mapajani, analia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanashuka tu, naye anayafuta kwa pindo la kanga.

Safari iliyofuata nilipofika hakukuwa na moto jikoni. “Kuna chai kwenye chupa,” akasema. Nikadhani hajisikii vizuri. Baada ya kitambo kidogo akapita mtu aliyekuja kuuliza habari za mbegu za mbaazi, na mama akainuka, akawasha moto, akampikia. Mimi nimekaa pale pale. Nilipomuuliza akanijibu bila kunitazama, “Siwezi kumpikia mtu anayenirudishia chakula changu.” Safari ya tatu ikawa hivyo hivyo. Chai kwenye chupa.

Iliniuma, jamani. Najua mtu atasema, mwanamke mzima wa miaka hamsini unalilia makande ya mama yako? Ndiyo, nalilia. Halafu nilijua kinachomuuma yeye. Mimi nilizaliwa mwaka wa njaa. Nilikuwa mtoto wa mgongoni, watu wanakula ugali wa unga wa njano wa msaada tuliouita yanga, na yeye maziwa yamemkauka. Wanawake wenzake walimwambia huyu hatamaliza msimu. Nikamaliza. Na kila kilo niliyoongeza baada ya hapo, mama aliihesabu kuwa kazi ya mikono yake. Nikienda naye sokoni alikuwa anatembea nyuma yangu kidogo, ili watu wanione vizuri. Sasa nimekwenda zangu kwa daktari, nimelipa, nimemwambia atoe kazi ya mama yangu aitupe. Yeye alilisoma hivyo.

Nikawaza, nifanyeje? Kumweleza kwa maneno nimeshamweleza. Nikaona bora nimtoe pale nyumbani, tukae siku mbili mezani pamoja, mahali ambapo hapiki yeye, anione nikila na kushiba bila hasira ya sufuria katikati yetu. Na mahali penyewe nilikuwa nimeshapajua. Mama ameishi maisha yake yote anatazama magari ya watalii yakipita kwenda Ngorongoro, vumbi lake amelila, lakini kreta hajawahi kuiona. Ukimuuliza anasema, “Wanyama? Nguruwe pori si wanakuja wenyewe shambani?” Na juu ya kilima mbele ya nyumba yetu kuna loji katikati ya mashamba ya kahawa. Taa zake mama anaziona kila jioni akifunga ndama. Nikampigia simu, nikamwambia, “Mama, jiandae, tunakwenda kulala kule kwenye taa.”

“Kule wanalala wazungu.”

“Watatusogezea.”

Nilipomfuata alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na koti la marehemu baba, na mkononi ana kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye gazeti, na mayai. “Mama, tunakwenda hotelini, chakula kipo!” Akanijibu kwamba safari bila chakula ni ukimbizi. Nikakipakia kikapu garini. Ukibishana na mama yangu kabla ya safari, safari haipo.

Tulipokelewa mlangoni na taulo za moto za kufutia uso na juisi kwenye glasi ndefu. Juisi tamu ni adui yangu sasa. Nikinywa sukari nyingi mara moja moyo unakimbia, jasho linanitoka, natamani kulala chini hapo hapo. Nikalowesha midomo kwa heshima, nikaiweka glasi mezani. Mama akaimaliza yake, akaitazama yangu. Akaichukua, akainywa yote, akafuta mdomo. Nilimwelewa. Kwetu chakula hakiachwi. Aliyeona njaa haachi kitu mezani, na mama aliiona.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Chakula cha jioni kile cha kwanza kilikuwa cha kujipakulia, meza ndefu kama ya harusi, na mimi nikachukua samaki kipande kidogo na mboga za kuonja. Nilikula nusu. Mama akavuta sahani yangu, akamaliza. Asubuhi, yai la kukaanga, nikala kiini na kipande cha parachichi, yeye akamaliza yai, akamaliza parachichi, akamaliza chapati mbili za maji nilizoletewa bila kuomba. Kila akimaliza ananitazama kwa jicho lile la “unaona unavyonifanya?” Nami najifanya sioni, natazama kahawa zilivyochanua nje, maana zilikuwa zimechanua kweli, nyeupe pee, zinanukia hadi mezani.

Mradi nilikuwa na raha zangu, sitasema uongo. Gari la kreta lina ngazi ndefu, na nilipanda mwenyewe. Nikavuta mkanda wa kiti, ukafunga, ukabaki. Miaka ya nyuma nilikuwa nauficha mkanda chini ya kanga ili dereva adhani nimefunga. Nikaufungua, nikaufunga tena. Mama akaniuliza ninacheza nini. Nikamwambia nacheza na mkanda.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya ukingo, huoni hata mti wa mbele, na dereva wetu, kijana mpole mwenye sauti ya redio, akawa anatuambia, “Bibi, subiri, utaona.” Mama akasema anachoona ni maziwa. Tukashuka taratibu, ukungu ukabaki juu, na mara kreta yote ikafunguka chini yetu, bonde lile pana la majani, ziwa linang'aa, na nukta nukta nyeusi za nyumbu. Mama akasimama kwenye paa lililofunguliwa, akashika chuma kwa mikono miwili. Akatamka neno moja la Kiiraqw ambalo hutamka akiona ng'ombe mnono wa mtu mwingine.

“Malisho yote haya,” akasema baadaye, “na hakuna mtu anayekamua.”

Tukaona pundamilia, tukaona simba wawili wamelala kando ya barabara matumbo juu. Dereva akazima gari. Akatueleza kwamba wamekula jana, leo hata swala apite hapa hawaamki. Nikasema kwa sauti ya utani, “Unaona mama? Hata mfalme akishiba analala, hakuna anayemlazimisha.” Mama akajibu kwamba simba hana mama wa kumsikitikia. Dereva akakohoa, akawasha gari.

Mchana tukafika kwenye bwawa la viboko, mahali panaporuhusiwa kushuka na kula. Kila mtu ana boksi lake la chakula kutoka lojini. Mama alifungua lake kama mtu anayefungua zawadi ya ubatizo, akitoa kimoja kimoja na kukitolea maelezo: paja la kuku, yai, mkate uliovaa nailoni, keki, ndizi, karanga, juisi ya pakiti. Dereva akatusihi tulie ndani ya gari, mwewe wa pale ni wezi. Mama akakataa. Hawezi kula ndani ya gari kama kuku kwenye tenga, naye ana viboko wa kuwatazama. Tukatandika kanga kwenye majani.

Palikuwa pazuri. Upepo wa baridi, jua la kadiri, viboko wanapuliza maji na kuguna kama wazee kanisani. Nilikula yai, nikachuna nyama ya kuku kidogo, nikaitafuna nikiwa nimefumba macho. Ilikuwa imechomwa vizuri, ina limao na pilipili manga. Nikashiba. Mtu ambaye hajakatwa tumbo hajui kushiba kulivyo kuzuri kunapokuja mapema. Unakaa tu, mwili umetulia, huna deni na sahani. Nikarudisha paja langu la kuku kwenye boksi.

Mama akaniangalia. Alikuwa ameshamaliza boksi lake lote, keki na juisi, na kutoka kwenye kikapu alikuwa ameongeza kiazi. Akavuta pumzi. Akachukua paja langu, akalinyanyua kulipeleka mdomoni, na hapo nikasikia fwaa! Bawa likanipiga sikio. Mama amebaki na mkono hewani, vidole vinang'aa mafuta, kuku hayupo.

Loh! Alisimama. Alimfuata yule mwewe mpaka ukingoni mwa maji, anamrushia matusi ya Kiiraqw ambayo sikujua kama anayajua, na wazungu wa gari la jirani wakapiga makofi wakidhani ni ngoma. Nilicheka mpaka nikashika mshono. Dereva alijificha nyuma ya gurudumu kucheka, maana ana adabu. Mama akarudi anahema, akaketi. Akanitazama nilivyokuwa nacheka.

“Afadhali yeye,” akasema. “Angalau mwewe anataka chakula.”

Kicheko kikanikauka. Mimi nina hasira za karibu, najijua. Nikamwambia, “Mama, inatosha. Unataka nile mpaka nife ndiyo ufurahi? Nilikuwa nakufa! Ungenizika ukiwa umenishibisha, watu wakakusifu makaburini, eti mtoto wake alikuwa na afya!”

Dereva akaenda kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Mama alikunja kanga pole pole, pembe kwa pembe. “Wewe ulikuwa unalia usiku kucha,” akasema, “na mimi nakupa kidole unyonye, maana ndani hakuna kitu. Kidole. Sasa umekua, ninacho cha kukupa, na hukitaki. Mimi niwe mama yako kwa kitu gani?”

Nikafunga maboksi. Ningekuwa na jibu ningelitoa, maana mimi si mtu wa kubakiza. Tulipanda kutoka kreta, gari linaguna kwenye kona, na mama akawa anatafuna karanga zangu moja moja kwa sababu nilikuwa nimeziacha.

Jioni lojini hakutaka hata kwenda mezani. “Nimejaa,” akasema. Alikuwa ameketi kitandani, fundo la kanga amelilegeza, mkono juu ya tumbo. Na ilikuwa haki yake kujaa. Kwa siku nzima alikula vya watu wawili, na vya kikapu. Nikamwambia tukae tu mezani tunywe chai, si lazima kula. Akakubali kwa shingo upande.

Tulikuwa tumekaa hivyo, kila mmoja anatazama upande wake, wakati mlango wa jikoni ulipofunguka akatoka mpishi mwenyewe. Alikuwa kijana mwenye kofia nyeupe, na mikononi amebeba chungu kwa kitambaa. Akaja moja kwa moja mezani kwetu, akainama.

“Shikamoo aayo.”

Aayo ndiyo mama kwa lugha yetu. Uso wa mama ulifunguka hapo hapo. Wakasalimiana kama tunavyosalimiana sisi, habari za ng'ombe, habari za mvua, kwenu wapi, baba yako nani. Kumbe ni mtoto wa bonde la pili, na mama alimjua bibi yake. Kijana akaeleza kwamba tangu afanye kazi pale hajawahi kupata mgeni ambaye ni mama wa kwao. Wageni wake ni watu wa mbali, anawapikia vya mbali. Leo aliposikia yupo mama wa mteremkoni hakuweza kukaa. Amechemsha tangu asubuhi.

Akafunua chungu. Makande. Na pembeni kibakuli cha maziwa ya mgando. Moshi wa kibuyu ulinifikia pale nilipokaa.

Akampakulia mama. Jamani, alimpakulia mlima! Mlima ule ule wa mama yangu, na shimo katikati la kumiminia maziwa. Halafu akasimama pembeni, mikono nyuma, anangoja.

Mama akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Miaka yote niliyomjua, mama yangu hajawahi kuniomba msaada mezani. Lakini macho yale yalikuwa yanaomba. Nami, Mungu anisamehe, niliinua kikombe changu cha chai nikanywa.

Akachukua kijiko. Akala cha kwanza. Akatafuna sana, taratibu, kama mimi. Akala cha pili. Kijana akatabasamu. Cha tatu kilichukua muda mrefu, nikaona koo linavyofanya kazi. Cha nne alikijaza, akakiinua, akakirudisha. Akaweka kijiko chini.

“Mbona huli, aayo?” kijana akauliza. “Chumvi imezidi?”

“Haijazidi.”

“Labda maharage hayajaiva vizuri.”

“Yameiva.”

“Basi ongeza kidogo, aayo. Nimekupikia wewe.”

Mama akakisogeza kijiko pembeni. Akatazama chini, na kutoka kule chini nikaisikia sauti yake ikisema, ndogo kabisa, “Mwanangu, chakula ni kizuri. Tumbo ndilo dogo.”

Sikucheka. Nilidhani ningecheka, kwa jinsi nilivyoudhika bwawani, lakini sikuweza. Kwa sababu yule kijana uso ulimwanguka. Alisema tu, “Sawa, aayo,” kwa adabu, akanyanyua sahani ile iliyojaa, akageuka kuelekea jikoni. Mama akautazama mgongo wake. Nilimwona akiutazama. Mimi niliwahi kuutazama mgongo kama ule, mgongo wa mtu anayerudisha jikoni chakula alichokipika kwa moyo wake. Mama alikuwa hajawahi kuuona, maana siku zote ulikuwa ni wake.

“Wewe!” mama akaita, kwa sauti ya kuita ng'ombe, meza zote zikageuka. “Rudi hapa.”

Kijana akarudi.

“Nani kakufundisha kukoboa mahindi kwa majivu?”

“Bibi, aayo.”

“Nimejua. Kijiko cha kwanza nikajua. Cha pili nikajua hukuharakisha moto. Cha tatu nikamkumbuka bibi yako tukiwa wasichana.” Akamshika kijana kwa mkono. “Mtu hahitaji kumaliza chungu ndiyo ajue amepikiwa. Nimepikiwa. Umenisikia? Sahani hiyo isikuumize. Kile kilichobaki nifungie, nitakwenda nacho nyumbani.”

Kijana akacheka, macho yamelowa, akaenda kutafuta chombo cha kufungia. Mama akabaki amekaa wima. Hakugeuka kunitazama, nami sikumtazama. Akamimina chai, akaisukuma upande wangu. Akasema, kana kwamba anaongea na buli, “Kumbe inauma pande zote mbili.”

“Inauma, mama.”

“Na magoti?”

“Magoti hayaumi tena.”

“Nilikuona ukipanda lile gari,” akasema. Halafu akaomba tukalale, tumbo linamkaba. Usiku nilimsikia akijigeuza na kulaani juisi.

Asubuhi tulishuka nyumbani. Mimi nilikuwa nimepanga kumfikisha, kuaga, na kuondoka kwenda Arusha kabla ya jua kali. Sijazima gari vizuri, mama ameshashuka, koti la baba amelitundika mlangoni, na namsikia jikoni anamfukuza mke wa mdogo wangu. “Toka, toka, nina mgeni.” Nikasimama uwanjani nikitazama bati la jiko. Moshi ukatoka. Mwembamba kwanza, halafu ukajaa.

Nikakaa kwenye benchi. Niliogopa, kwa kweli. Niliogopa mlima. Nikajiapiza kwamba leo nitakula chochote atakachoweka, hata nikatapike nyuma ya zizi.

Akatoka na kisosi. Kisosi cha chai, kile chenye maua ya buluu ambacho hutolewa akija mchungaji. Juu yake aliweka ugali kiasi cha yai la kuku, mviringo, umelainishwa kwa mwiko wenye maji, na pembeni mboga ya majani kidogo na maziwa ya mgando kijiko kimoja. Akakiweka mapajani mwangu, akaketi upande wa pili wa benchi, akageuza uso kutazama ndama.

Nikala. Nilitafuna, nikapumzika, nikatafuna. Hakusema ongeza. Hakugeuka kuchungulia. Alikuwa anamsema ndama kwamba ana tabia mbaya kama baba yake. Tonge la mwisho nililifuta nalo maziwa yaliyobaki kwenye kisosi, na machozi yananitoka ovyo, nikiwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi, nimeshiba chakula cha mama yangu mpaka juu.

“Umeshiba?”

“Nimeshiba, mama.”

“Lete.”

Akapokea kisosi. Akakiinamisha kwenye mwanga, akakitazama chote, maua yote ya buluu yanaonekana, hakuna hata chembe. Akakishika kwa mikono miwili kifuani, akainuka kwenda jikoni. Mlangoni akasimama.

“Ukija tena, piga simu mapema,” akasema. “Makande yanataka muda.”